Mieleka ya Jumapili kwa Baba

Televisheni niliinunua mimi, lakini mieleka sikuichagua. Nilitaka baba apate kuangalia habari na kwaya. Mama alikuwa ameshafariki, na mimi kazi yangu iko Voi mjini, nashona yunifomu za shule. Napanda Sagalla kila Jumamosi alasiri kwa bodaboda, nashuka Jumatatu asubuhi. Siku zilizobaki baba alikuwa akiongea na kuku. Si mzaha. Nilimkuta mara mbili akimweleza jogoo habari za mguu wake unaomuuma.

Basi nikaleta tivii ndogo na sola yake. Fundi akafunga paneli juu ya bati, akasimamisha dishi nje, akampa baba rimoti. Baba akabonyeza. Ikatokea kwaya, akabonyeza tena. Ikatokea mtu anahutubia, akabonyeza. Kisha ukatokea uwanja wenye taa nyingi, na wanaume wawili wamevaa chupi na buti, mmoja amemwinua mwenzake juu ya kichwa kama anapakia gunia kwenye lori. Baba akaiweka rimoti mbali naye, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Hapa," akasema.

"Baba, leo Jumapili."

"Kanisani si tumeshatoka? Na hawa wamevaa kidogo kwa sababu ya joto."

Naandika haya kwa sababu nina shukrani na sijui pa kuipeleka. Wale watu wa mieleka wako ng'ambo, hawatujui. Mimi niliishia darasa la nane, na daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja, kwa hivyo anayesoma anivumilie. Tena siziamini sana kumbukumbu zangu. Nikisema hapa sina hakika, ujue kweli sina.

Kipindi kilikuwa kila Jumapili saa tisa mchana. Ukikosa wiki moja umepotea, kwa sababu wale hawapigani tu, wana visa. Wiki hii wawili ni marafiki, wamevaa rangi moja, wanasaidiana. Wiki ijayo mmoja ampiga mwenzake kisogoni akiwa amegeuka, na hapo uhasama umezaliwa, utakwenda miezi. Watangazaji wanapiga kelele kwa Kiingereza cha haraka, na baba alinifanya mkalimani.

"Wanasema nini?"

"Sijui, baba. Nadhani wanasema ni hatari."

"Hiyo naiona mwenyewe."

Mtu wa baba alikuwa mmoja mwenye kipara na tumbo, akampa jina Mnene. Adui wa Mnene alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele za kusuka, huyo tukamwita Msuko. Walikuwa wamekula pamoja, kwa maneno ya baba, kisha wakakosana, na sababu yenyewe sikuielewa vizuri, labda ni mkanda wa dhahabu.

Sasa lazima niseme habari za baba mdogo.

Nyumba yake iko ng'ambo ya ua wa minyaa, unaweza kusikia akikohoa. Ni mdogo wa baba, tumbo moja, na walikuwa hawajasemezana miaka saba. Sababu ilikuwa maji. Kwetu mlimani maji ni ya zamu. Paipu inashuka kutoka chemchemi mpaka kwenye koki. Ukiigeuza koki huku, maji yanakuja kwa baba, ukiigeuza kule, yanaenda kwa baba mdogo. Jumanne zamu yetu, Jumatano yao. Mwaka ule jua lilikuwa kali na baba mdogo alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya. Binti yake akajifungua huko Taveta alikoolewa, wakaenda kumwona, yeye na mkewe, wakamwachia baba kazi ya kugeuza koki. Waliporudi walikuta koki imekaa upande wetu na miche yote imekauka, imelala chini kama nywele.

Baba mdogo akasimama kwenye ua, majirani wanasikia, akasema ndugu yake ni mwizi wa maji, amenywesha kuku akaua shamba. Baba ni mzee wa kanisa. Akajibu, "Kama mimi ni mwizi, basi usiniite tena kwa jina lolote." Na hakuitwa. Hata mama alipofariki, baba mdogo alichimba kaburi pamoja na wengine, akafanya kazi kuliko wengine, akaenda zake bila kusema neno na baba.

Lakini aliyetumwa kugeuza ile koki nilikuwa mimi.

Wiki ile nilikuwa nyumbani kwa sababu cherehani yangu ilikuwa kwa fundi. Nakumbuka nikipanda njia. Nakumbuka nikikutana na mama mmoja mwenye kuni, tukaongea sana. Mkono wangu ukishika koki, hapo sikumbuki. Baba aliniuliza, "Uligeuza?" Nikasema ndiyo, kwa sababu nilidhani niligeuza. Labda niligeuza na mtu akairudisha. Labda sikufika. Nimejaribu kuwapima wote wawili kwa haki: miche ya baba mdogo ilikufa kweli, na baba hakufanya alichosingiziwa. Wote wana haki yao. Asiye na haki huenda ni mimi, na nilikuwa nimenyamaza.

Basi tivii ilipofika, Jumapili ya pili au ya tatu, nikaona kivuli dirishani. Baba mdogo alikuwa amesimama nje, ameegemea fimbo, anachungulia. Mama mdogo, mkewe, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba yake ilikuwa kimya kuliko yetu. Baba alimwona. Najua alimwona, kwa sababu alikaa wima. Tukaangalia mpaka kipindi kikaisha. Ikawa hivyo Jumapili tatu. Ya nne jua lilikuwa linachoma, na baba akasema kwa sauti, akiniangalia mimi, "Mama, kama kuna mtu dirishani mwambie anatuzibia hewa. Aingie au aondoke."

Wote wawili huniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yao.

Nikatoka. "Baba mdogo, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie naingia kwa sababu ya jua."

Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, baba kwenye kochi lake, mimi katikati kwenye mkeka na ungo wa mbaazi. Siku hiyo hiyo baba mdogo akachagua mtu wake. Sihitaji kusema alimchagua nani. Na kutoka hapo wakaanza kupigana kupitia kwangu.

"Mama, mwambie huyo, mtu wake anakimbia kama kuku wa mgeni."

"Mwambie, kukimbia ni akili. Tumbo lile lingekuwa na akili lingekimbia pia."

"Mwambie tumbo ni uzito. Yule wake upepo wa Voi utambeba."

"Mwambie aangalie mbele, mtu wake amelala."

"Amepumzika! Mwambie amepumzika!"

Sikuhitaji kuwaambia, walikuwa wanasikiana. Mimi nilikuwa nasema tu "ndiyo" huku na "ndiyo" kule. Kukiwa na ubishi kama refa ameona au hakuona, waliniuliza mimi, na mara nyingi nilisema sijui. Nilidhani wataniona mjinga. Baba mdogo akasema, "Mwambie baba yako afadhali huyu anayesema hajui." Sikupenda kusifiwa kwa hilo.

Mwalimu mmoja kanisani akaniambia yale ni maigizo, wanapanga nani aanguke. Alisema kwa upole, na nadhani ni kweli. Nikawaambia, nikaona ni haki wajue. "Hata mahubiri yanapangwa tangu Jumamosi," baba akasema. Na baba mdogo akaongeza, "Mwambie, kama wamepanga, basi aliyepanga anampendelea Mnene." Ikaisha hivyo.

Tukaenda hivyo tangu mvua za vuli mpaka karibu na za masika. Nilikuwa nafurahi na pia naogopa. Nilifurahi kwa sababu baba aliacha kuongea na jogoo. Niliogopa kwa sababu ile "mwambie" haikuondoka. Wakati wa kutoka baba mdogo alisema "kwaheri, mama," akapita mbele ya ndugu yake kama anapita mbele ya kabati.

Kisha binti yake akaja kutoka Taveta, akanikuta Jumamosi nikiteka maji. "Dada, baba ameanguka mara mbili jikoni. Jumatano namchukua, akaishi kwangu." Sikuweza kumlaumu, ningefanya vivyo hivyo. Lakini nilihesabu: imebaki Jumapili moja. Kwetu sisi, hata kama ni watu wa kanisa, tumelelewa tukijua hasira ya mtu mzima haikai bure. Ikibaki moyoni inatafuta pa kwenda, inamgeukia mtoto, au ng'ombe, au mwenyewe. Na hata ukiacha hayo, Taveta si karibu kwa mzee wa mguu mbaya na mzee wa kuanguka. Wakiachana hivi watakutana kwenye mazishi, na mmoja wao hatakuwa anasikia.

Jumapili ile nilipika chai ya maziwa mengi, sina kingine nilichoweza. Baba mdogo alikuja, akakaa mlangoni. Baba alikuwa ameshasikia habari za Taveta. Na kwenye tivii ilikuwa siku kubwa, Mnene na Msuko wamalize maneno yao.

Mnene akaingia amevaa joho refu. Akasimama katikati ya ulingo, taa zikapunguzwa. Mtu akampa chupa ya maji. Akanywa, hakumeza, akainua uso, akayapuliza maji juu yakawa manyunyu kwenye mwanga.

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Ametasa," akasema.

Kwetu kutasa ndiyo njia ya kutoa hasira. Unasema lililo moyoni, unatia maji mdomoni, au pombe ya miwa zamani zile, unayapuliza nje, na hasira inatoka nayo. Babu alitasa mbele ya watoto wake. Siku hizi ni wachache wanaofanya, na kanisani hatulisemi sana.

Baba alikuwa bado anaangalia tivii. "Hakutasa. Hajasema neno. Mtu hatasi kimya kimya."

"Amesema moyoni."

"Moyoni! Ulimwona nani akitasa moyoni? Baba alikuwa anasema mpaka jirani anasikia."

"Baba alisema kwa sauti kwa sababu masikio yake yalikuwa yamechoka."

"Masikio ya baba? Baba alikuwa anasikia mbuzi akila kunde ng'ambo ya bonde!"

"Hiyo ni zamani. Siku zake za mwisho wewe ulikuwa Voi. Mimi ndiye niliyekaa naye."

"Kweli, ulikaa naye," baba akasema.

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Hakuna aliyekuwa amesema "mwambie". Niliogopa hata kuhema wasije wakagundua.

Msuko akaingia akakimbilia ulingoni, na kabla hajasimama vizuri Mnene akachukua kiti cha chuma, akampiga nacho mgongoni. Wazee wote wawili wakasimama, hata baba na mguu wake.

"Ee! Ametasa kisha anapiga mtu na kiti!"

"Huyo ni wako!" baba mdogo akasema.

"Si wangu. Kuanzia leo simjui."

"Hivyo tu? Umekuwa naye tangu vuli."

"Mtu akikosea amekosea. Hata angekuwa mtoto wa mama yangu."

Baba mdogo akashika mgongo wa kiti. "Mtoto wa mama yako ni mimi."

"Najua wewe ni nani."

"Basi niambie habari ya koki."

"Koki sikuigusa."

"Na miche yangu haikujikausha."

Nikaona inarudi palepale, watakwenda hivi mpaka kipindi kiishe na Jumatano ifike. Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Nilitumwa mimi. Baba alinituma mimi kugeuza."

Baba akanigeukia. "Na ulisema uligeuza."

"Nilidhani niligeuza."

"Sasa uligeuza au hukugeuza?" Huyo ni baba mdogo.

"Sijui, baba mdogo. Ningejua ningesema zamani. Najua nilipanda, najua niliongea na mtu njiani. Koki yenyewe siikumbuki. Lakini nilisema ndiyo kama mtu anayejua, na baba akabeba."

Tivii ilikuwa inapiga kelele, hakuna aliyeiangalia. Baba mdogo akakaa. "Miaka saba umebeba nyanya zangu, mama?"

"Ndiyo."

"Zile nyanya zilikuwa mbaya hata hivyo. Mbegu nilizikamua kwenye nyanya zilizooza."

Sijui kama ni kweli au alitaka kunipunguzia. Sijamuuliza mpaka leo.

Baba hakucheka. Naandika ilivyokuwa: alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alisema, "Nimemkosa ndugu yangu kwa ndiyo yako." Halafu akasugua goti mpaka nikadhani nimeharibu kabisa. Kisha akasema, "Lete maji."

Nikaleta kwenye kikombe cha bati. Baba akakishika, akasema kwa sauti ya kanisani, "Nilikasirika kwa kuitwa mwizi. Na sasa hivi namkasirikia huyu mwanangu. Itoke." Akatia maji mdomoni, akapuliza kuelekea mlangoni. Upepo ukarudisha, matone yakafika kwenye tivii, mimi nikawaza nyaya za sola.

Baba mdogo akapokea kikombe. Akasema, "Nilisema mbele ya watu neno ambalo ningeliweza kulisema kando. Hilo ni langu. Hata koki ingekuwa imegeuzwa na shetani, lile neno ni langu. Itoke." Akapuliza vizuri kuliko baba, yakawa ukungu kabisa.

"Na huyu," baba akasema, akinielekezea kidole.

Nikasema sina hasira na mtu, ila na mimi mwenyewe. Wakatazamana. Baba mdogo akasema hiyo pia inatoka. Nikatia maji, nikapuliza, yakanimwagikia kidevuni mpaka kwenye gauni.

"Si kutema! Hupigi mswaki!"

"Kaza midomo, mama. Hivi. Mwangalie baba yako."

"Usimwangalie huyo, angalia mimi."

Walinifundisha wote wawili kwa pamoja, na nilirudia mara tatu kabla hawajaridhika. Tulipokumbuka tivii, mieleka ilikuwa imekwisha, wanatangaza sabuni. Nani alishinda hatukujua mpaka wiki iliyofuata.

Mtu akiniuliza kama tulichofanya ni dini au si dini, sijui kujibu. Katekista wetu ni mtu mzuri na akiuliza nitamwambia. Najua tu kwamba jioni ile baba mdogo alipotoka hakusema kwaheri kwangu kwanza. Alimwambia baba, "Kaka, kesho asubuhi nitakuja nikukande huo mguu." Na alikuja, Jumatatu na Jumanne. Mimi nilikuwa Voi, baba ndiye aliyenieleza, siku ya pili kwa simu, akilalamika kwamba ndugu yake ana mikono kama koleo.

Jumatano niliomba ruhusa nikapanda. Gari lilikuwa limesimama barabarani na godoro limefungwa juu. Baba alitembea na fimbo kutoka nyumbani mpaka pale, mahali ambapo siku zote huniambia hawezi kufika.

"Huko kwa mtoto kuna tivii?" akauliza.

"Iko, kubwa. Lakini wajukuu wanaangalia katuni."

"Wewe ni mzee wa nyumba. Sema."

"Nitasema. Na wewe utafute mtu mwingine wa kushangilia, yule wako hafai."

"Nimeshapata. Wako."

"Msuko ni wangu!"

"Tutamgawana."

Binti wa baba mdogo aliwasha gari wakiwa bado wanabishana, baba ameshika mlango. Ilibidi nimwondoe mkono.

Nimeandika habari hizi nikijiuliza kama ninaikuza mieleka kupita kiasi. Labda wangepatana kwa njia nyingine. Labda kifo cha mama mdogo kilikuwa kimeshawalainisha na tivii ilikuwa kisingizio tu. Inawezekana. Lakini nilikuwapo, na kabla ya tivii nilikuwapo pia, na kabla yake sikuona dalili. Kwa hivyo nashukuru. Namshukuru hata Mnene, ambaye hakujua alichokuwa anafanya na yale maji, na ambaye nyumbani kwetu bado anazomewa.

Siku hizi Jumapili ikifika saa tisa, simu inalia kabla sijaketi. Baba anaiweka juu ya stuli, spika wazi, na wanaangalia pamoja, mmoja Sagalla, mmoja Taveta. Hawaongei sana. Tunasikia wajukuu wakililia katuni zao, tunasikia baba mdogo akivuta pumzi. Shida iko moja. Sijui ni dishi letu au ni nini, lakini tivii ya Taveta iko mbele yetu kidogo, kama kuhesabu moja na mbili. Msuko akiwa bado juu ya kamba, anajiandaa kuruka, baba mdogo ameshapiga ukelele kwenye simu, "Uuuwi! Amemkosa!"

Na baba anainama juu ya stuli, amekasirika hasa, anaifokea simu. "Nyamaza wewe! Huku bado hajaruka!"